Ulisema Shimo, Nikasikia Nimo

Nekesa mwanangu,

Salamu nilikupa asubuhi tukinywa chai, na ulinijibu vizuri, kwa hiyo hapa nitaziruka. Nitaruka pia habari za kufunga sanduku, za kubadilisha pesa Malaba, na za kutokula vya watu usiowajua ndani ya basi. Hayo mama yako amekueleza mara tatu, na mkirudi najua ataanza ya nne.

Sasa ni saa nane na nusu mchana. Ninyi wawili mko Matulo kumuaga kukhu wako, mama mzazi wa mama yako. Wanyonyi ameenda mpirani. Mvua imeanza kugonga mabati na mimi nimekaa peke yangu mezani. Mkitoka huko saa kumi mtaingia Kitale kabla ya giza, kwa hiyo nina saa tatu hivi. Mtu aliyefundisha Kiswahili miaka ishirini na tatu hahitaji saa tatu kuandika barua, lakini nimeshachana karatasi mbili.

Asubuhi mama yako alipokuwa akifunga kitambaa kichwani, alinitazama kwenye kioo akasema, "Ni leo." Ulikuwa hapo ukitafuta kiatu. Ukauliza, "Leo nini?" Akakuambia uharakishe. Hili ninaloandika ndilo jibu la swali lako.

Nianze na mdomo wangu, ndipo nifike kwa wako.

Nilizaliwa Myanga, na kwetu hakuna aliyehangaika kutenganisha l na r. Babu yako alisema "rete maji" na "nimechoka, naenda kurara" mpaka siku alipotuacha, na hakupungukiwa na heshima hata kidogo. Mimi nikaenda chuo cha ualimu. Siku yangu ya kwanza ya mazoezi ya kufundisha nilisimama mbele ya darasa nikasema, "Kira mtu afungue kitabu." Kijana mmoja nyuma akarudia polepole, "Kira mtu." Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu aliyekuja kunikagua naye akainamisha kichwa, nikaona mabega yake yakitikisika.

Kwa miezi nilijifungia bafuni na kipande cha kioo. Ukitamka l, ncha ya ulimi inagusa ufizi na hewa inapita kandokando. Ukitamka r ni ncha ileile na ufizi uleule, ila ulimi unatetemeka. Ya kwanza vitabu vyetu vinaiita kitambaza na ya pili kimadende. Lori, rula, lala, rarua. Nilifanya hivyo mpaka ulimi ukauma. Nilifaulu, na nilitoka bafuni mle nikiwa mtu mbaya kidogo kuliko nilivyoingia, kwa sababu niliamini kwamba mdomo unaokosea ni wa mtu asiyetaka kujitahidi.

Kisha ukazaliwa wewe, wakati wa kuvuna mahindi, kama jina lako linavyosema. Tulikuwa tukiishi Bungoma mjini. Midomo yako ilikuwa mizuri, mizima. Lakini ukinyonya, maziwa yalitokea puani. Muuguzi akakumulika kwa tochi na kutuonyesha kwamba kaakaa lilikuwa limepasuka kuelekea nyuma, mahali ambapo mtu hawezi kuona mpaka ufungue kinywa. Hayo unayajua, hatukukuficha. Unajua pia kwamba ulifanyiwa upasuaji ukiwa na miaka sita. Tulikuambia kwamba kabla ya hapo hapakuwa na daktari wa kuifanya kazi hiyo.

Si kweli.

Ulipokuwa na miezi kumi mama yako alikuwa kitandani na malaria, kwa hiyo nilikupeleka kliniki mimi. Wakanipa barua. Ilisema madaktari wa upasuaji wa aina hiyo wangekuja mwezi uliofuata, jina lako limeandikwa, tukulete. Nilifika nyumbani nikamwambia mama yako, "Wamesema tungoje. Litajifunga lenyewe akikua." Akaniuliza mara mbili, "Wamesema hivyo?" Nikasema ndiyo, hivyo. Alikuwa na homa, alitetemeka chini ya blanketi, na aliniamini. Miezi miwili baadaye nikahamishiwa shule ya huku Saboti, tukaja kupanga nyumba hapa Kitale, na ile kliniki haikutuona tena.

Barua ile imo ndani ya bahasha hii. Niliificha katikati ya kitabu cha sarufi na sijawahi kuwa na nguvu ya kuichoma.

Utataka kujua kwa nini. Mtoto wa rafiki yangu alikuwa ameingia chumba cha upasuaji kwa ajili ya mafindofindo na hakutoka akiwa hai. Niliogopa kisu. Hilo ni kweli, lakini nimeliweka mbele kwa sababu linanipendeza. Kubwa zaidi ni kwamba niliona aibu. Nilijua nikikupeleka watu wataniuliza mwanangu ana nini, na mimi nilikuwa nimetoka jasho miaka mingi ili mtu yeyote asitazame tena mdomo wa mtu wa nyumba yangu.

Ukaanza kusema. Ulisema mapema na ulisema sana. Mama yako alielewa karibu yote. Mimi nilielewa nusu. Jina lako ulilitamka "Neng'ena", na watoto wa ile ploti tuliyopanga wakakuita hivyo. Jina la mdogo wako ulilitamka sawasawa kabisa tangu siku alipozaliwa: Wanyonyi. Kila siku uliomba mayai. "Yai," ulisema, "yai." Au wali na nyanya. Nilidhani unapenda mayai, nikawa nakuletea kila nikitoka shuleni.

Na mimi uliniita mama.

Nilikukosoa. "Mimi ni baba. Sema baba." Ukanitazama moja kwa moja ukasema, "Mama." Siku nyingine mbele ya majirani, wakacheka, nikakupiga kofi mguuni. Ulikuwa na miaka mitatu. Ulilia ukiniita jina lilelile.

Sasa nifike kwenye Jumamosi yenyewe. Nimezunguka vya kutosha.

Ulikuwa na miaka mitano na nusu na Wanyonyi alikuwa na mitatu. Mama yako alikuwa amekwenda Myanga kumwona shangazi yangu mgonjwa. Mwenye ploti alikuwa amechimbisha shimo la choo kipya nyuma ya nyumba, halafu mvua ikanyesha wiki nzima na kazi ikasimama. Lilikuwa limefunikwa kwa mbao mbili na bati. Mimi nilikuwa na wageni sebuleni, mwalimu mkuu na mwalimu mwenzangu mmoja. Walikuja kuniambia kwamba nimependekezwa kuwa mkuu wa idara ya lugha. Nilikuwa nimevaa shati jeupe.

Ukaingia ukiwa na matope hadi magotini. Ukasema, "Wanyonyi nimo!"

Nilisikia hivyo: nimo. Nikadhani mnacheza kujificha, kwamba mwenzako amekuambia yumo mahali umtafute. Nikasema, "Haya, nendeni mkacheze huko nje."

Ukarudia kwa nguvu zaidi. "Wanyonyi nimo! Nimo!"

Mwalimu mwenzangu akatabasamu, akauliza, "Anasema nini huyu?"

Lile swali ndilo lililoniharibu, Nekesa. Sikukutazama wewe, nilimtazama yeye. Ukanishika suruali ukaanza kunivuta, ukiacha matope kwenye kitambaa, na mimi nikautoa mkono wako kidole kimoja kimoja. Nikasema kwa sauti ya darasani, "Ongea vizuri au nyamaza."

Ukanyamaza. Ukatoka.

Nikamimina chai. Nakumbuka nilimimina chai, na nikamuuliza mwalimu mkuu kama anaongeza sukari.

Ulikwenda kwa Mama Halima, yule jirani wa upande wa msikitini aliyeuza maharagwe. Alinisimulia baadaye kwamba hukusema neno. Ulimshika leso aliyojifunga kiunoni ukavuta, naye akafuata. "Mtoto akivuta hivyo si unaenda tu," aliniambia. "Utamuuliza nini?"

Nilisikia ukelele wake. Tukatoka sote watatu mbio. Bati lilikuwa limeteleza kando, na Mama Halima alikuwa amelala kifudifudi ukingoni, ameteremsha leso ndani ya shimo, akiita, "Shika! Shika, baba! Shika!" Hakuna aliyeshika. Maji yalikuwa rangi ya chai ya maziwa na nywele za Wanyonyi zilionekana kidogo tu.

Niliruka. Maji yalinifika kifuani. Nilimwinua akiwa mlegevu kama nguo iliyofuliwa, midomo imekuwa ya kijivu. Mwalimu mkuu akampokea, akamlaza, akaanza kumbonyeza kifua na kumpulizia. Mimi nilikuwa bado ndani ya shimo. Udongo uliteleza, sikuweza kupanda. Kwa hiyo sikumwona mwanangu. Nilichoweza kuona ni miguu ya watu na wewe. Ulikuwa umesimama ukingoni juu yangu, ukinyoosha kidole chini, ukisema polepole kama mtu anayemfundisha mjinga, "Nimo. Nimo."

Shimo. Hapo ndipo nilipolisikia.

Sijui ilichukua muda gani. Kisha nikasikia kikohozi, na maji yakimwagika, na Mama Halima akimshukuru Mungu wake kwa sauti kubwa. Unajua jinsi mkono wa kushoto wa Wanyonyi ulivyopinda pale kiwikoni. Ulivunjika alipoanguka. Mnapomtania kwamba ndiyo sababu hawezi kudaka mpira, huwa natoka nje.

Mama yako alifika hospitali jioni hiyo na mabegi ya Myanga bado mkononi. Alimgusa Wanyonyi kila mahali. Akaniuliza, "Nekesa hakukuambia?"

"Aliniambia."

"Na wewe?"

Siku ya pili, tukiwa kwenye benchi nje ya wodi, nilimwambia kuhusu ile barua ya kliniki. Hakupiga kelele. Aliniuliza tu, "Miaka mitano unaniangalia nikiomba lijifunge lenyewe?" Wanyonyi aliporuhusiwa kutoka, mama yako alifunga nguo zenu akawapeleka Matulo. Unakumbuka zile wiki tano. Uliambiwa kukhu alikuwa mgonjwa. Kukhu wako hakuwa na hata kikohozi.

Mimi nilibaki nikifundisha. Ilikuwa zamu ya kidato cha kwanza kujifunza sauti. Nikachora jedwali nililolichora miaka yote. Upande mmoja niliandika sauti ambazo hewa yake hubanwa mdomoni ikapasuka au ikakwaruza: p na b, t na d, k na g, f, s, sh na wenzao. Upande wa pili niliandika zile ambazo hewa hupita bila kubanwa, zikavuma zenyewe, nazo ni nazali m, n, ny na ng', kitambaza l, kimadende r, viyeyusho w na y, na irabu zote tano. Wataalamu huziita sonoranti. Mimi nilizoea kuwaambia wanafunzi hizi unaweza kuziimba. Unaweza kuvuta mmm mpaka pumzi iishe. Hebu jaribu kuvuta p.

Msichana mmoja akainua mkono. "Mwalimu, si mtu akiwa na homa, pua imeziba, ati 'mama' anasema 'baba'? Inakuanga aje?"

Lilikuwa swali zuri. Nikaeleza kwamba m na b hutamkwa mahali pamoja, kwa midomo miwili. Tofauti yake iko nyuma, kwenye kaakaa laini, ambalo ni kama mlango wa pua. Mlango ukiwa wazi hewa inatokea puani, unapata m. Ukifungwa, hewa inajaa mdomoni kisha inapasuka, unapata b. Mtu mwenye homa pua yake imeziba, kwa hiyo m yake inakuwa b.

Nikaendelea, nikiwa na chaki mkononi, "Na kinyume chake, kama mlango huo haufungi kabisa, kila b itakuwa..."

Sikumaliza. B itakuwa m. D itakuwa n. G itakuwa ng'. Hata k, s na sh zitakimbilia puani. Nilisimama nikiitazama kazi yangu mwenyewe ubaoni, na kila neno ulilowahi kuniambia vizuri lilikuwa upande mmoja. Wanyonyi. Yai. Wali. Nyanya. Hukuwa unapenda mayai, mwanangu. Ulikuwa unaomba chakula ambacho uliweza kukitaja. Na miaka yote hiyo ulikuwa unaniita baba.

Nilitoka nje. Kiranja alikuja kuniuliza kama afute ubao, nikamwambia asiguse.

Jumamosi nilikwenda Matulo. Mama yako aliniona langoni akaingia jikoni. Wewe ulikuwa umekaa nje ukichambua maharagwe na kukhu. Nikakaa chini kando yako. Nikasema, "Sema nyanya." Ukasema. "Sema maua." Ukasema. Ulikuwa unaniogopa, niliona ulivyokuwa ukiangalia mkono wangu. Nikasema, "Sema baba."

Ulichambua maharagwe mawili zaidi. Kisha ukasema kwa sauti ndogo, "Mama."

Nikasema, "Ndiyo. Ni mimi."

Kukhu wako aliacha kuchambua maharagwe. Mama yako alikuwa amesimama mlangoni. Hakunisamehe siku hiyo, usidhani. Alinipa sharti. Angerudi Kitale, na ungefanyiwa upasuaji mara moja, na siku utakapoondoka nyumbani kwenda kuanza maisha yako mimi ndiye ningekuambia habari za barua. "Mimi sitamwambia," alisema. "Sitakusaidia kumwambia. Na kama ataondoka bila kujua, usiku huo mimi nitaondoka pia."

Amekaa na neno hilo miaka kumi na mitatu. Leo asubuhi ndipo aliponikumbusha, mara moja tu.

Yaliyobaki unayajua kwa sababu uliyaishi mwenyewe. Upasuaji, na uji wa baridi wiki tatu. Yule mama mtaalamu wa usemi aliyekuwekea kioo chini ya pua uone ukungu, na kukupulizisha vipande vya karatasi mezani mpaka p ikapatikana. Miaka miwili ya kwenda na kurudi. Ulianza na pipi, kisha bata, kisha boga. Mimi uliendelea kuniita mama, kwa mazoea, na nilimwomba yule mtaalamu asikulazimishe. Siku uliyobadilisha sikuwa hata nasikiliza. Nilikuwa nyuma ya nyumba nikifunga kuku, ukaniitia dirishani, "Baba, simu!" Nikaichukua, nikaanza kuzungumza na mwalimu mkuu habari za mitihani, na katikati ya sentensi nikashindwa kuendelea. Akaniuliza kama mtandao umekatika. Na jioni hiyohiyo ulipoletewa yai ukalisukuma, ukasema wazi kabisa, "Sipendi." Mama yako alicheka hadi akakaa chini.

Sasa unakwenda Kampala kujifunza kazi ya yule mama. Sina la kukufundisha kuhusu kazi hiyo. Ninachokijua vizuri ni upande wa mzazi. Siku moja baba fulani atakuja kwako na mtoto aliyechelewa. Atakuwa amevaa vizuri. Atasema waliambiwa wangoje. Usimwaibishe mbele ya mtoto, lakini usimwamini haraka. Ukipata nafasi mtoe kando umuulize, "Nani alisema mngoje?" Halafu nyamaza. Mimi mtu angeniuliza hivyo mapema, nadhani ningeanguka, na ingekuwa heri.

Kuhusu mimi na wewe sina ushauri. Mama yako hakujua. Ukikasirika, na una haki ya kukasirika, hasira hiyo usimgawie yeye hata kidogo. Miaka mitano uliyodhihakiwa ilikuwa yako na mimi ndiye niliyekunyang'anya. Mkono wa mdogo wako pia. Wanyonyi nitamwambia kesho, ukishaondoka. Siombi uniambie kwamba yamekwisha.

Nilipoanza kuandika, nilipanga kuiweka barua hii chini kabisa ya sanduku lako ili uikute ukiwa umeshavuka mpaka. Ningekuwa mbali na uso wako, na ningekuwa na safari nzima ya basi ya kutulia. Nimebadili nia. Hiyo ingekuwa kuficha barua mara ya pili. Nitakupa mkononi leo, tukishamaliza kula. Uisome chumbani kwako. Mimi nitakaa sebuleni na taa ikiwaka. Ukitaka kutoka ukaniuliza, toka. Ukitaka kupiga kelele, piga, majirani wasikie. Ukitaka kulala bila kuniambia kitu na kupanda basi asubuhi hivyohivyo, nitakubebea sanduku hadi stendi na sitakusemesha.

Mvua imeacha. Pikipiki imekata kona pale kwenye duka la mbao, na nasikia mama yako akimwambia mwenye boda, "Polepole bana, kuna matope!" Na wewe unacheka huko nyuma, unacheka kile kicheko chako kirefu. Hujajua bado. Nimeinua kalamu nikusikie kidogo.

Sasa mko langoni.

Baba yako,
Simiyu